Chuo cha Sheria Kilichojengwa kwa Majivu

Chuo kikuu cha sheria kiliingia jikoni kwangu asubuhi, nikiwa nachemsha ndizi. Hakikubisha hodi. Kilikuja kama mstari wa majivu, ukapita kando ya mafiga, ukakata chumba katikati na kutokea upande wa pili chini ya ukuta wa mianzi. Aliyekuwa akiyamwaga majivu hayo, ameinama na kikapu chake, akitembea kinyumenyume, alikuwa Ambokile, mume wangu wa ndoa.

“Unafanya nini?” nikamuuliza.

“Najenga,” akasema bila kuinua macho. “Sogea kidogo, mke wangu. Umesimama ukutani.”

Nikasogea. Linaniudhi mpaka leo kwamba nilisogea.

Mimi ni Tusekile wa Matema, pale milima inaposhuka wima kana kwamba inataka kuoga ziwani, ikabadili mawazo hatua chache kabla ya maji. Ninayoyaeleza yalitokea wakati wa Mjerumani, miaka michache kabla ya vita vya Wazungu. Akitokea mtu wa kusema nimeyatunga, basi na aje anionyeshe hicho chuo kiko wapi. Hakipo. Huo ndio ushahidi wangu.

Bwana aliyetuletea jambo hili tulimwita Bwana Asesa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa cheo chake cha kisheria kwa Kijerumani, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu na adabu nyingi. Wenzake wa boma walipenda kiboko. Yeye alipenda sheria. Alipowaona wazee wetu wakibishania ng'ombe mmoja tangu jua kuchomoza hadi kuzama, bila hasira na bila kuchoka, machozi yalimlengalenga. Akasema hajapata kuona watu kama hawa tangu atoke kwao, na kwamba hapa hapa, kwenye upepo wa ziwa, patajengwa chuo kikuu cha sheria. Mwalimu Hezroni wa misheni, aliyekuwa mkalimani wake, akamuuliza kwa upole kama hakukusudia kusema shule. Hapana, akasema Bwana Asesa. Shule ni ya watoto. Chuo kikuu.

Tatizo lilikuwa matofali. Wakubwa wa Dar es Salaam hawakutoa hata tofali moja kabla ramani haijakubaliwa, na ramani haikukubaliwa kabla haijajaribiwa. Mtu mwingine angekata tamaa akaenda kuwinda viboko. Bwana Asesa alifurahi. Aliwaita watu uwanjani, akawaeleza kwamba ramani ya karatasi ni mwongo, inakubali kila kitu. Ramani ya kweli ichorwe ardhini kwa ukubwa wake wenyewe, na watu waishi ndani yake msimu mzima. Mlango ukiwa mwembamba, utajulikana. Chumba kikiwa cha giza, kitajulikana.

“Chumba cha majivu kitakuwaje na giza, Bwana?” akauliza mzee mmoja.

“Ndiyo maana tunajaribu,” akajibu.

Basi majivu yakaombwa katika kila jiko, na sisi wanawake tukayatoa, tukidhani ni dawa ya viwavi. Ambokile akateuliwa kuwa mwashi mkuu. Mume wangu ni mtu mwema, Mungu ananisikia, lakini akipewa cheo huwa haulizi kazi yenyewe ni nini. Akamwaga ukumbi mkubwa, akamwaga chumba cha mitihani, akamwaga baraza ya kupunga upepo na chumba cha kuweka kofia. Ukumbi ulipofika kwenye nyumba yangu, kamba ya Bwana Asesa haikupinda. Ilipita juu ya jiko, ikapita kwenye shamba langu la migomba, na nyumba yangu yote ikabaki ndani.

Nilikwenda kumwambia. Alinisikiliza vizuri sana, kichwa upande, kisha akafungua ramani yake.

“Nyumba yako sijaiona hapa,” akasema.

“Iko pale, Bwana. Moshi ule unatoka humo.”

“Lakini kwenye ramani haimo,” akasema, kwa sauti ya mtu anayekupa pole ya msiba. “Kwa sasa haitusumbui. Matofali yakija itaondolewa. Na migomba pia, kwa sababu ya msingi.”

Hapo ndipo palipouma. Nyumba ya mianzi hujengwa tena, mianzi iko tele. Lakini katikati ya ile migomba alilala Neli, mwanangu wa kwanza, aliyekufa kabla hajaota meno. Nilimwambia Bwana Asesa hivyo. Akavua kofia. Akasema mifupa itahamishwa kwa heshima, na sheria inayo kifungu kizuri kabisa juu ya jambo hilo. Nilitamani kumpiga kwa mwiko. Sikuwa nao.

Masomo yakaanza. Asubuhi majumbe na wazee walikuja kutoka vijijini mwao, wakapanga foleni mbele ya mahali ambapo majivu yaliacha nafasi. Hapo palikuwa mlango. Mlinzi wake alikuwa Zebedayo, tarishi wa boma, na Bwana Asesa alikuwa amempa kufuli kubwa la chuma kutoka kwao pamoja na ufunguo. Kufuli lilikuwa limelala mchangani. Zebedayo aliinama, akalifungua, akasogea pembeni, watu wakaingia. Kuku walipoingia kwa kupita ukutani, aliwafukuza, lakini kwanza alifungua mlango ili watokee hapo. Fundi mmoja wa Kikisi aliyekuwa akipitisha vyungu vyake kuelekea Ipinda alikatisha ukumbini na mzigo kichwani, akashtakiwa siku hiyo hiyo kwa kuvunja jengo la Serikali. Wanafunzi ndio waliomhukumu. Walimwamuru aukarabati ukuta, akainama akausawazisha kwa kiganja, akaenda zake akitikisa kichwa.

Bwana Asesa hakuamini bahati yake. Hakuna aliyeruka ukuta. Hakuna aliyechungulia chumba kingine kutoka kilichokuwa chake. Aliandika kwao kwamba watu wa Kyela wamezaliwa wanasheria.

Hakujua, maskini. Sisi kuta zisizoonekana tulikuwa nazo kabla babu yake hajavaa viatu. Kwetu mke wa mtu hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami, haongei naye, hapiti njia anayopita, wala jina lake halitamki, na ndiyo maana jina la baba mkwe wangu sitaliandika hapa hata mkinibembeleza. Akitokea mbele, unajifunika kaniki na kujitupa migombani, uwe na mimba, uwe na mzigo, uwe na mvua. Heshima hiyo tunaiita ukutila. Kwa sababu yake vijana wa kwetu hujenga kijiji chao peke yao, mbali na baba zao, ili wake zao wapate kupumua. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwambia hapa pana ukuta, hakuulizi uko wapi. Anakuuliza ni wa nani.

Sasa baba mkwe wangu alikuwa jumbe, na jumbe alikuwa mwanafunzi. Bwana Asesa alikuwa amemtoa kijijini kwake na kumleta kila siku kwenye kijiji chetu, akamkalisha ukumbini, hatua chache kutoka kwenye kinu changu. Wiki ile ya kwanza niliishi migombani kama nguruwe pori. Ndizi ziliungua. Wanawake wakaanza kunong'ona kwamba ukumbi ni nyumba moja, na nyumba yangu imo ndani ya ukumbi, kwa hiyo Tusekile na mkwewe wanaishi chini ya paa moja.

“Paa gani?” nikawauliza. “Nionyesheni paa!”

“Litakuja,” wakasema.

Mama mkwe wangu, Angetile, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Yeye alimsindikiza mumewe chuoni kila asubuhi, akitangulia njiani na chakula kichwani, naye mzee akifuata nyuma yake kwa mwendo wa kijumbe, taratibu, mkono begani mwa mkewe. Akiniona nimechelewa kujificha hata kidogo, alinipigia kelele mpaka ng'ambo ya mto walisikia. “Kimbia, mwanamke! Huna haya? Mkwe wako anapita!”

Nikachoka. Nikamfuata Mwalimu Hezroni, nikamwambia amwambie Bwana wake kwamba kama ana majivu ya kutosha kukata jiko langu, basi ana majivu ya kutosha kulizungushia. Bwana Asesa alipoelezwa alisimama wima. Akasema hii ndiyo hoja ya kwanza kutolewa na mwanamke katika chuo hiki. Siku hiyo hiyo Ambokile akamwaga ukuta mpya kuzunguka nyumba yangu na migomba, na Bwana Asesa, kwa vile chumba lazima kiwe na kazi, akakipa jina: Maktaba. Akaniletea na kitabu kimoja kinene cha sheria. Nilikitundika darini juu ya moto kusudi mchwa wasikile. Kilianza kunuka kama samaki, lakini kilikuwa salama.

Nanyi msicheke nikiwaambia kwamba kuanzia siku hiyo nilipata raha ambayo sijaipata tangu niolewe. Sasa palikuwa na ukuta. Nyumba mbili, vyumba viwili, kila mtu kwake, na wazee wote walikubali hivyo baada ya kujadiliana tangu asubuhi hadi alasiri. Niliweza kutwanga uso wazi, nikiinamisha kichwa tu, huku baba mkwe amekaa pale pale karibu. Yeye alitazama kwake, mimi nilitazama kwangu. Nilisikia masomo yote. Nikajifunza kwamba mwizi na mpokeaji wa mali ya wizi ni ndugu, kwamba shahidi husema alichokiona na si alichoambiwa, na kwamba shahidi mmoja si shahidi.

Kisha ukuta ukaanza kuongea.

Ilikuwa mchana, wanafunzi wengine wamekwenda kula, na harufu ya mbasa, samaki wangu wa ziwani, ilikuwa imekwenda mbali kuliko nilivyokusudia. Upande wa pili baba mkwe akakohoa, akasema taratibu, kama anayezungumza na fimbo yake, “Ukuta huu unajua kupika.”

Kumjibu haiwezekani. Lakini kuku wangu mwekundu alikuwa miguuni, na hakuna desturi inayokataza mtu kuongea na kuku. “We kuku,” nikamwambia, “mwambie anayesifu kwamba pilipili imezidi.”

“Haijazidi,” ukuta ukasema.

Nikaweka kibakuli juu ya majivu, katikati kabisa, pasipo huku wala kule, nikageuka. Nilipogeuka tena kilikuwa kitupu. “Ndaga fijo,” ukuta ukashukuru. Ikawa hivyo karibu kila siku. Kwa njia ya kuku yule nilijua kwamba baba mkwe wangu alipokuwa kijana aliwahi kuliwa kidole na mamba akamdai mamba kidole chake barazani, na kwamba Ambokile alipokuwa mdogo aliogopa vyura. Naye kwa njia hiyo hiyo alijua mengi yangu. Nilikuwa nimeolewa na ukoo mzima na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimelalaje. Ukuta uliniuliza kila asubuhi. “Ugonile,” ulisema. Nilimpenda mzee yule, sioni sababu ya kuficha.

Ndipo zikaja habari kwamba ramani imefanya vizuri mno. Mkaguzi wa majengo anakuja kutoka Dar es Salaam, akiridhika matofali yataanza kupangwa siku inayofuata. Wanafunzi walifurahi kupita kiasi. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa kiti cha kukalia chenye mgongo, na kofia nyeusi ya kuweka katika chumba cha kofia. Ambokile aliahidiwa kufundishwa uashi wa kweli. Alikuja nyumbani anaimba, akaniona nilivyo, akanyamaza.

“Neli je?” nikamuuliza.

“Bwana amesema watamhamisha kwa heshima,” akasema, na alikuwa analia mwenyewe, masikini, na majivu mpaka kwenye nyusi.

Kesho yake sikumpa kuku hadithi ya pilipili. Nilimwambia kila kitu. “We kuku, mwanangu yuko chini ya mgomba ule wenye mkungu mchanga. Watachimba msingi pale. Mimi sina wa kumwambia, maana mume wangu ndiye mwashi, na wazee wanataka viti. Nakuambia wewe.”

Kibakuli kilibaki kimejaa siku hiyo.

Mkaguzi alikuja na meli, mtu mnene mwenye mwavuli na kikohozi, asiyependa jua, mchanga, wala Bwana Asesa. Alipitia mlangoni, nampa haki yake. Alimngoja Zebedayo afungue. Akakagua ukumbi, akakagua chumba cha kofia. Akapima mlango kwa tumbo lake. Mwisho akasimama mbele ya Maktaba, karibu na mimi niliyekuwa natwanga mpunga, akafungua mwavuli.

“Kanuni ya majengo ya Serikali,” akasema, na Mwalimu Hezroni akatafsiri, “inataka ukuta wa ndani uzuie macho. Ukuta usiozuia macho si ukuta, na ramani yenye kuta zisizo kuta inafutwa. Nitawauliza wanafunzi kwa kiapo. Mkikaa humu ukumbini, mnaona kilichomo katika chumba kile?”

Bwana Asesa alitabasamu. Alijua watu wake.

Kitabu kikatolewa darini kwangu, cheusi kwa moshi, na kila mwanafunzi akaweka mkono juu yake akaapa. Wa kwanza akasema hajawahi kuona kilichomo. Wa pili vile vile. Wa tatu alisema amewahi kusikia kinu, lakini kuona, hapana, atazame chumba cha watu kwa nini? Na ninyi mtadhani walidanganya kwa ajili ya viti. Hawakudanganya. Msimu mzima hakuna hata mmoja aliyekuwa amegeuza shingo upande wangu. Walikuwa wanasema kweli tupu, na kweli yao ilikuwa inamfukua mwanangu. Nikaacha kutwanga.

Akabaki baba mkwe wangu. Alisimama kwa msaada wa fimbo, akapapasa kitabu, akaapa. Mkaguzi akamuuliza kama alivyowauliza wenzake.

“Namwona,” akasema.

Nawaambieni, hata upepo ulisimama. Mzee mmoja alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Jumbe, mtu mwenye mvi, ameapa mbele ya watu kwamba anamtazama mke wa mwanawe. Kwetu afadhali angesema ameiba. Mwizi hulipa, yakaisha.

“Unaona nini?” akauliza Mkaguzi.

“Mke wa mwanangu. Ameacha kutwanga. Amesimama karibu na kinu chake, na amekasirika. Nimemwona tangu siku ya kwanza. Hapa hakuna ukuta, Bwana. Hapa pana majivu.”

Bwana Asesa alikuwa mweupe kama ukuta wake. Lakini mwanasheria ni mwanasheria. “Shahidi mmoja,” akasema kwa sauti ya kukwaruza, “si shahidi.”

“Kweli,” akasema Mkaguzi, ambaye alitaka kwenda kulala. “Yuko wa pili?”

Wanafunzi wote walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao. Ambokile alinitazama mimi, kikapu mkononi, na macho yake yalikuwa yananiomba nisifanye ninalotaka kufanya. Mwanamke anayemtazama mkwewe, walitufundisha, tumbo lake hufungwa. Anarudishwa kwao. Angetile alikuwa pembeni, nikasubiri anipigie kelele nikimbie. Hakupiga. Alikuwa amekaa chini, mkono mdomoni.

Nikapiga moyo konde. “Nipo mimi,” nikasema. “Mniapishe.”

Nikaweka mkono kitabuni, nikainua uso, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu nikamtazama baba wa mume wangu.

Alikuwa na masikio ya Ambokile. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Na macho yake yote mawili yalikuwa meupe, yamefunikwa na ukungu mzito wa siku nyingi, yakielekea mahali fulani juu ya bega langu ambapo mimi sikuwepo.

Hakuwa ananiona. Hakuwahi kuniona. Alijua nimeacha kutwanga kwa sababu kinu kilinyamaza, na kwamba nimekasirika alijua kwa sababu kuku alimwambia. Nani mwingine angejua? Mimi nilikuwa wa kwanza kumtazama usoni kwa karibu hivyo. Watu hawamkodolei jumbe macho, na Wazungu hawakutazama macho ya mzee yeyote. Kipofu alikuwa ameapa kwamba anaona. Hakuwa ametenda kosa lolote la desturi. Neno langu moja tu lingemsafisha aibu yote pale pale: jamani, mzee huyu haoni. Ushahidi wake ungetupwa, ukuta ungekuwa ukuta, yeye angerudi kwake na heshima zake, na kesho yake majembe yangeingia migombani.

Aligeuza kichwa kidogo, sikio likinielekea. Alikuwa ananingoja.

“Unamwona?” akauliza Mkaguzi.

“Namwona,” nikasema. “Na yeye ananiona mimi. Ananitazama machoni kabisa.”

Nusu ya kiapo hicho ilikuwa uongo, na niliusema kwa sauti kubwa ili usikike mpaka kwenye mitumbwi. Sijutii hata silabi moja. Yeye alishusha pumzi, akakaa.

Mkaguzi akaamua papo hapo kwamba kuta za chuo hiki zina kasoro kubwa, zinapitisha macho. Bwana Asesa alibishana naye hadi ufukweni, akijitolea kuongeza unene wa majivu mara mbili, akitaja vifungu, akisahau kuvaa kofia. Meli iliondoka na ramani. Bwana Asesa naye akahamishwa muda si mrefu, na siku ya kuondoka alinipa mkono, akasema nilikuwa shahidi bora kuliko wote aliowahi kusikia, na kwamba nimemvunja moyo. Nikamwonea huruma, kidogo. Masika ilipoanza, chumba cha kofia kilielea mpaka ziwani.

Lakini watu wetu hawafuti kama mvua. Mimi nilioshwa kwa dawa, Ambokile akakataa katakata kunirudisha kwetu, na nilimheshimu kwa hilo kuliko alivyowahi kuheshimiwa akiwa mwashi mkuu. Aliyelipa alikuwa baba mkwe. Hakuna aliyemtukana. Walimhamishia ujumbe mtu mwingine, wakaacha kumwomba shauri, na alipopita waliwaita ndani wake za wana wao. Akahamia upande wa Ipinda na Angetile, kwa watu wasiomjua.

Kabla hawajaondoka, Angetile alikuja kwangu kuchukua chungu. Hakuniangalia.

“Umeyaona macho yake,” akasema.

“Nimeyaona, mama.”

“Umemwambia nani?”

“Sijamwambia mtu.”

Akatikisa kichwa. Hapo hasira ikanipanda, yote kwa pamoja. “Mama, wewe ulijua! Miaka yote ulinikimbiza migombani kama mbuzi, na mimba, na mvua, unapiga kelele kijiji kizima kinasikia, na ulijua mzee haoni kitu. Kwa nini?”

Angetile aliweka chungu chini.

“Kwa sababu alikuwa akisikia,” akasema. “Alikuwa akisikia majani ya mgomba yanavyopasuka ukijitupa. Basi anatabasamu. Ananiambia, umesikia? Bado wananiogopa macho.”

Akachukua chungu chake akaenda.

Mpunga ulipovunwa nilifunga safari ya Ipinda, na kapu la ndizi. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba yao mpya, peke yake, fimbo magotini. Hakukuwa na mtu wa kuniona, na baada ya yale yaliyotokea desturi haikunidai kitu tena. Ningeweza kupita mbele yake kwa nyayo za paka, nikaweka kapu mlangoni. Nikaliweka kapu chini mbali kidogo, nikajifunika kaniki mpaka kichwani, na nikajitupa kwenye migomba yao kwa nguvu zangu zote, nikavunja majani, nikavunja na chipukizi la mgomba, nikapiga yowe la aibu kama bibi harusi.

Mzee aliinua kichwa.